Deki ya Blu-ray na baridi ya Uyole

Jamani wenye deki za Blu-ray huku Mbeya, msikimbilie kusema diski imekufa. Baridi hii ya Julai ina mambo yake. Deki ikitoka chumba chenye baridi kali ikaingizwa sebuleni penye joto, unyevu unatanda kwenye lenzi inayosoma diski. Yangu ilikuwa inavunja picha vipande vipande, sauti inasogea kidogo, kisha kimya. Niliiacha imewashwa bila diski kwa muda mrefu tu, lenzi ikakauka, filamu ikacheza hadi mwisho.

Ikigoma bado, igeuze diski uiangalie kwenye mwanga. Data za Blu-ray ziko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati za DVD ziko milimita 0.6, kwa hiyo alama ya kidole ambayo DVD ingeivumilia, hapa inakwamisha. Futa kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Na dawa ya meno, nawaomba sana, msipake! Inakwaruza ile ngozi ngumu inayolinda diski.

Kioo cha TV kikiwa cheusi kila baada ya muda huku sauti nayo ikikatika, chomoa waya wa HDMI, ule unaotoka deki kwenda TV, uchomeke upya, au jaribu mwingine. Mara nyingi deki haina kosa.

Mnaoletewa diski na ndugu walioko Marekani, someni ganda kwanza. Baadhi ya za kule zimefungwa zisome kwenye deki za eneo A tu, Afrika tuko eneo B, na hapo hata ufute mpaka jioni haitasoma.