Wimbo Wangu Usiku

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilipanga tuendelee na somo la utoaji, lakini naomba mnivumilie, maana tangu Jumanne kuna jambo limenikaa moyoni na halitaki kutoka.

Usiku huo usingizi ulinigomea. Nikachukua simu, nikasema nisikilize wimbo mmoja tu wa enzi zile nilipokuwa na miaka 16. Mnazijua zile nyimbo za roki za taratibu. Gitaa linaanza peke yake kwa unyonge, mwimbaji analalama kama mfiwa, halafu ngoma zinaingia kwa kishindo, na wewe unalia kwa ajili ya mchumba ambaye hata hukuwahi kuwa naye. “November Rain” peke yake inakaribia dakika 9. Wakaingia Scorpions, wakafuata Bon Jovi, na ilipofika saa nane mke wangu akageuka akauliza, “Mume wangu, unamwimbia nani?”

Sikuwa na jibu.

Kilichonishangaza ni kwamba maneno yote bado yalikuwamo kichwani, mstari kwa mstari, ingawa ujanani sikujua hata nusu yake yana maana gani. Na hizo nyimbo nilishaziaga! Nilipookoka, nikiwa na miaka 17, tuliambiwa roki ni ya shetani, tukaleta kanda zetu zote zikaharibiwe. Nilivuta utepe kwa mikono yangu, ule mwembamba wa kahawia, ukanizonga miguuni kama utumbo wa kuku. Tukapiga haleluya. Kanda moja lakini niliiacha chini ya godoro, na leo ndiyo mara ya kwanza naungama hilo mbele za watu.

Najua wengine mtanikumbusha mke wa Lutu, na wana wa Israeli jangwani waliokumbuka matango na vitunguu vya Misri wakasahau mijeledi. Ni kweli. Na wewe unayesikiliza nyimbo hizi huku ukimtafuta mtandaoni yule wa zamani, uone kama bado yuko na mwenzake, nakuambia kwa upendo: acha, na acha leo. Unajijua.

Lakini mimi sikuwa namkumbuka mtu, wala sidhani niliukumbuka muziki wenyewe. Asafu katika Zaburi ya 77 anasema alikumbuka wimbo wake usiku, na roho yake ikatafuta. Nami nililala pale nikitafuta. Nikamwona yule kijana ambaye moyo wake uliweza kuwaka. Kijana yuleyule aliyelia na gitaa ndiye aliyekesha akiomba hadi alfajiri, akafunga bila kutangaza, akamshuhudia kila aliyekaa karibu naye. Maneno ya nyimbo ninayo yote. Maombi ya yule kijana nimeyasahau, hata moja silikumbuki.

Ndipo nikafungua Yeremia 2:2, nikasoma kama sijawahi kuiona. Ni Mungu anayesema pale! Anawaambia watu wake kwamba anakumbuka hisani ya ujana wao, upendo wa uposo wao, jinsi walivyomfuata jangwani katika nchi isiyopandwa mbegu. Wapendwa, Mungu naye anakumbuka. Ule mkesha ulioukesha wewe, ambao hata waliokuwa nawe wameusahau, Yeye anao. Ile sala yako ya kwanza, yenye kigugumizi, isiyo na mpangilio, Yeye anaijua neno kwa neno, kama mimi ninavyozijua hizi nyimbo. Tunadhani anatuangalia kama mwalimu anayehesabu utoro, kumbe ni mpendwa aliyeachwa anayesema, “Nakukumbuka.” Ndugu yangu, dada yangu, umekuwa mzee wa kanisa, unajua kuongoza ibada, unajua kufunga kikao, lakini lini mara ya mwisho ulimfuata mahali pasipo na mbegu?

Na kanisa la Efeso katika Ufunuo, walipouacha upendo wao wa kwanza, waliambiwa watubu, wakayafanye matendo ya kwanza. Matendo! Hawakuagizwa wautafute ule msisimko. Msisimko huenda ulikuwa wa miaka 17 na hautarudi, lakini kupiga magoti bado kunawezekana, hata haya magoti yangu yanayolia.

Kuna wimbo wa mwaka 1984 wa kundi la Foreigner, “I Want to Know What Love Is”, ambao nyuma yake inaimba kwaya ya injili, New Jersey Mass Choir. Mtunzi wake, Mick Jones, amesimulia kwamba kabla ya kurekodi wanakwaya walisimama kwa duara, wakashikana mikono, wakasali Sala ya Bwana. Ujana wangu wote niliimba juu ya sauti zao bila kujua kwamba pale ndani watu walikuwa wametoka kuomba.

Kwa hiyo jana, saa nane ileile, niliiacha simu mezani nikapiga magoti. Maneno ya yule kijana hayakuja. Nikaanza na ya wale wanakwaya, Baba yetu uliye mbinguni, kwa sauti ya chini nisimwamshe mke wangu. Nilifika “utupe leo riziki yetu”, usingizi ukanichukua palepale kando ya kitanda.