Bwana afya anautaka useneta

Mimi sina kura Michigan. Nina grinikadi, nalipa kodi, bili ya maji inakuja kwa jina langu, lakini siku ya uchaguzi nakaa pembeni natazama. Kwa hiyo asije mtu akasema nampigia fulani debe. Kadi ya chama sina, nina mdomo tu.

Aliyenichokoza ni shemeji yangu wa Tanga. Karusha klipu ya Abdul El-Sayed, anayegombea useneta wa Michigan kwa chama cha Democratic, kwenye grupu la familia, chini yake kaandika: "Shem, huyu Abdul kweli watampa?" Grupu likawaka. Wajomba wanamwombea dua mtu ambaye juzi tu hawakumjua, kisa jina. Na jina lina uzito wake, sikatai. Seneti ya Marekani haijawahi kuwa na Mwislamu hata mmoja. Wazazi wake ni wa kutoka Misri, yeye kazaliwa hapa hapa Michigan mwaka 1984. Lakini si jina lililonifanya nimfuatilie.

Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya ubishi wa kazini. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku kaunti ya Wayne, yenye mji wa Detroit, na chumba chetu cha kulia kina televisheni isiyozimwa. Tangazo lake likipita, "Dokta Abdul" hivi na "Dokta Abdul" vile, lazima mtu agune. Maana huyu bwana alimaliza udaktari chuo cha Columbia, New York, mwaka 2014, na kabla ya hapo alikuwa ameshachukua shahada ya uzamivu Oxford. Ila badala ya kwenda kwenye mafunzo ya wodini kama wenzake, akabaki chuoni kufundisha epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea kwenye jamii. Kliniki hajafungua. Wapinzani wake wamelishika hilo kwa mikono miwili, na kwa manesi nalo linauma, maana sisi tunajua jasho la wodi. Mwenzangu wa Bukavu alishasema yake huku akipasha fufu kwenye maikrowevu: "Sasa ule ni munganga ya nini, kama hajatunza hata mugonjwa moya?"

Wote walicheka. Mimi nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa bwana afya, Muheza. Wa umri wangu mnawajua watu hawa: baiskeli, daftari, tochi. Anaingia uani kwako bila miadi, anamulika choo, anafunua mtungi wa maji ya kunywa, anauliza mmeyachemsha lini. Hatibu mtu. Sindano hajawahi kushika. Kipindupindu kilipoingia, alifunga mabanda yote ya mama ntilie pale stendi, na mmoja wao alikuwa shoga wa mama yangu kabisa. Yule mama hakutusalimia msimu mzima. Tulikuwa tukipishana naye sokoni anageukia vitunguu. Mtu wa namna hii akigombea udiwani hapati hata kura ya mkewe. Kipindupindu kilipita, mtaa wetu hakuzikwa mtu, na hakuna aliyekuja kusema asante. Nani atoe shukrani kwa ugonjwa ambao haukumpata?

Basi El-Sayed ni bwana afya. Msomi sana, tai nzuri, lakini bwana afya. Mwaka 2015, akiwa na miaka 30, alipewa na meya wa Detroit idara ya afya ya mji. Idara yenyewe ilikuwa imebaki jina. Kazi zake zilishakabidhiwa shirika la nje tangu 2012, na mwaka uliofuata mji wenyewe ukatangaza kufilisika. Husimulia kwamba alikuta vijiofisi vya nyuma kwenye jengo la idara ya maegesho, mahali watu wanapokwenda kulipia faini za magari. Akaanza kuijenga upya. Flint, mwendo wa saa moja tu kwa gari, ilikuwa imeshanywesha watoto maji yenye madini ya risasi, kwa hiyo na huku Detroit maji ya mashuleni na ya vituo vya kulelea watoto yakapimwa. Watoto wa shule wakapimwa macho, wenye shida wakapewa miwani bure. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Marathon, kusini magharibi mwa mji, kilipotaka kuongeza moshi, idara ilikuwa miongoni mwa waliokibana.

Kati ya hayo yote, mwenye kura anaweza kuonyeshwa nini? Miwani. Miwani unaiona usoni kwa mtoto. Risasi isiyoingia kwenye damu huwezi kuipiga picha. Nadhani hapo ndipo udaktari unapopakwa kwenye mabango, maana koti jeupe kila mtu analielewa, na "mkurugenzi wa afya wa kaunti" hakuna anayejua anafanya nini kutwa. Kwangu mimi hilo ni kujipunja. Ningekuwa mshauri wake ningemwambia auze kazi aliyoifanya, hilo jina la dokta aliache lijiseme. Na udaktari haukupi upande: leo Seneti ina madaktari wanne, Barrasso, Cassidy, Paul na Marshall, wote wametibu wagonjwa kwa miaka, wote ni Republican, na hakuna hata mmoja anayetaka bima ya serikali kwa watu wote, ambayo ndiyo wimbo mkuu wa huyu.

Mwaka 2018 aligombea ugavana, akawa wa pili kwenye kura za maoni za Democratic kwa kama asilimia 30, nyuma ya Gretchen Whitmer. Akarudi kwenye afya: 2023 hadi 2025 alikuwa mkurugenzi wa afya wa kaunti hii hii ya Wayne. Na hapa ndipo kazi yake ilipopita mlangoni kwangu, au tuseme ilipopita jirani.

Mwanangu ana pumu. Usiku mmoja ilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza emajensi. Walimhudumia vizuri, Mungu awabariki. Kisha zikaanza bahasha zenye kidirisha. Bima ililipa sehemu, iliyobaki ni yangu, na kabla sijajua nilipe vipi, deni likawa limeuzwa. Mdai akanipigia simu nikiwa kazini, namlisha bibi wa watu uji, simu nimeibana begani, najibu "yes, sir" huku kijiko kiko hewani.

Huku deni la hospitali linauzwa kama mtumba. Lililoshindikana kulipwa linafungwa robota, mnunuzi analichukua kwa senti chache kwa kila dola, kisha anakufukuzia dola nzima. Kaunti ikaona kama yanauzwa rahisi hivyo, na sisi tununue. Ikatenga dola milioni 5, ikashirikiana na shirika lisilo la faida linalonunua madeni na kuyafuta, lengo likiwa kufuta hadi dola milioni 700. Hakuna fomu ya kujaza. Anayeguswa ni mwenye kipato kisichozidi mara 4 ya mstari wa umaskini, au ambaye deni limefika asilimia 5 ya mapato yake ya mwaka. Barua inakuja yenyewe nyumbani kwamba hudaiwi tena. Dada mmoja wa zamu ya usiku alitaka kuichana, akijua ni matapeli, mpaka tulipomsomea.

Langu mimi halikuwamo kwenye robota. Nimelilipa kidogo kidogo, limekwisha. Sina kinyongo, ila nililiona tatizo lake waziwazi: umefuta ya jana, na asubuhi hospitali inaandika mengine. El-Sayed mwenyewe halikatai hilo. Ndiyo hoja yake ya kutaka kwenda Washington, kwamba kaunti inapiga deki na bomba bado linavuja.

Sawa. Lakini hapo ndipo ningembana mimi, kama wangenipa maiki. Bwana afya ana amri. Baba akisema banda lifungwe, linafungwa. Seneta ana kura moja katika 100, na muswada mkubwa kwa kawaida unahitaji 60 ili mjadala ufungwe. Bernie Sanders, anayemuunga mkono, aliuleta muswada wa bima kwa wote mwaka 2017, na hadi leo, Desemba 2025, haujapita. Mtu aliyezoea kuagiza maji yapimwe kesho yakapimwa, atavumilia kweli kukaa miaka sita akibembeleza? Simwambii hawezi. Nataka kusikia jibu, na kwenye klipu zote za shemeji sijalisikia.

Kwenye kura za maoni za Democratic anakabana na Haley Stevens, mbunge wa baraza la chini, na Mallory McMorrow wa seneti ya jimbo. Atakayepita huenda akamkuta Mike Rogers wa Republican, aliyeikosa Seneti kwa kura chache 2024. Mwenzangu wa Bukavu ameshaapa uraia, kura anayo, na hajaamua. Anasema El-Sayed anaongea vizuri mno, na kwao mtu anayeongea vizuri mno huwa anachunguzwa.

Kwa mlio na uraia kama yeye: kura za maoni ni tarehe 4 Agosti 2026. Huku si kama kwetu ambako wanaopiga kura za maoni ni wanachama wa chama chenyewe. Mpiga kura yeyote anaruhusiwa. Karatasi ina safu ya kila chama, mchague safu moja mbaki humo humo, kwani mkichanganya sehemu hiyo inaharibika. Ambaye hajajiandikisha anaweza kwenda kwa karani wa mji wake hata siku yenyewe, na kitambulisho na kitu cha kuonyesha anapoishi. Bili ya maji inatosha.