Karafuu za Mama

Asubuhi hii nimefungua tena kichupa cha karafuu, nikakisogeza puani, nikavuta pumzi taratibu. Kimya. Mimi niliyekulia Wete, Pemba, nikilala chumba kimoja na magunia ya karafuu, leo nikifumba macho pua yangu haijui karafuu na kokoto.

Ni tangu 2021, nilipougua UVIKO-19. Homa iliondoka, harufu haikurudi. Siku moja mwanangu alikuja mbio kutoka uani: "Mama, maharage yanaungua!" Nami nimesimama pale pale jikoni. Pilipili bado inaniwasha, kwa kuwa mwasho hupita kwenye neva nyingine. Basi watu hudhani nadeka. Inauma kutosadikiwa.

Miaka yote nilidhani virusi vimejificha kichwani mwangu. Kisha nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wa Desemba 2022. Walichunguza vipande 24 vya utando wa kunusia, ule ulio juu kabisa ndani ya pua, vikiwemo vya watu tisa waliokosa harufu muda mrefu baada ya UVIKO. Virusi havikuonekana tena. Walizikuta seli T, seli za kinga ya mwili, zimejazana kwenye utando na kuendeleza uvimbe, na seli za neva za kunusia zimepungua.

Nilisoma aya ile mara tatu. Kumbe ni matanga yasiyoanuliwa: maiti kashazikwa zamani, watu bado wamejaa uani, na mwenye nyumba hawezi hata kupika. Na hao waliojaa ni watu wangu mwenyewe, walikuja kunisaidia.

Kinachonipa moyo ni kwamba chini ya utando ule zipo seli zinazozaa neva mpya maisha yote. Ndiyo maana sijaacha mazoezi ya kunusa aliyoyajaribu Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Mimi wiki 12 nimeshazipita mbali. Nilipoiona karafuu kwenye orodha ile nilitokwa na machozi.

Mama hunipigia kila jioni.

"Ushanusa, mwanangu?"

"Nimenusa, mama. Bado."

Jana akasema labda hizi zangu zimechakaa. Ameniletea kifuko cha mpya kwa boti, zimeanuliwa jamvini juzi tu.