Mama aliniambia nifunue kifuniko

Mashine yangu ya mkate niliipata bure. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anahama, akaniachia mlangoni ikiwa na waya wake na sufuria yake ya ndani, ila kitabu cha maelekezo hakikuwemo. Siku hizo nilikuwa nafanya kazi za usiku. Huku ughaibuni kurudi alfajiri na baridi hadi kwenye mifupa, ukafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu, ni jambo linalochosha kuliko kazi yenyewe. Nikawaza, angalau nipokelewe na harufu ya mkate. Nikatia unga kwa kikombe, maji kwa kukisia, hamira, chumvi, nikaitegesha saa nikaondoka. Niliporudi nikakuta tofali. Sitanii. Niligonga nalo ukingo wa sinki, likalia.

Likafuata la pili na la tatu. Mara ya nne mambo yakageuka: mkate ulipanda ukagusa kifuniko, halafu ukabonyea katikati kama mto uliolaliwa.

Siku moja ya mapumziko nilikuwa naongea na mama kwa video, mashine inakanda nyuma yangu.

"Kelele gani hizo?"

"Mashine ya mkate, mama. Inakanda yenyewe."

"Hebu nione."

"Huwezi kuona, imefunikwa."

"Kwani imepigwa kufuli? Funua."

Nilikuwa naamini ukifunua tu umeharibu. Lakini mama akishasema, amesema. Nikafunua, nikainamisha simu. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kinyunya vinafukuzana, vimepasukapasuka, na unga mkavu umejibanza kwenye kona. Mama akatazama kidogo tu. "Huyo ana kiu. Mpe maji. Kidogo, mwanangu! Kwa kijiko." Nikatia kijiko kimoja cha chai, tukasubiri. Cha pili. Kwenye cha nne vile vipande vikashikana, likawa donge moja laini linalojipigapiga kwenye kuta za sufuria na kuziacha safi. "Basi, mwache sasa." Na mama hajawahi kugusa mashine ya mkate maishani mwake.

Tangu siku hiyo sijaoka bila kufunua. Mtu anayekanda kwa mkono huongeza maji au unga bila hata kufikiri, maana vidole vinamwambia. Mashine haina vidole, ina saa tu: dakika za kukanda zikiisha inaacha, dakika za kuumua zikiisha inawasha moto, kinyunya kiwe tayari kisiwe tayari. Kwa hiyo dakika ya tano hadi ya kumi ya kukanda, nenda ukaangalie. (Hesabu tangu ianze kuzunguka. Nyingine hukaa kimya nusu saa kwanza zikisawazisha joto, na mimi niliwahi kudhani yangu imekufa.) Ukiona makombo au donge limekakamaa na mashine inaguna, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ukiona uji unaotambaa chini usioshikana, ongeza unga vivyo hivyo. Unalotafuta ni donge la mviringo, laini, linalonata kidogo kidoleni lakini halikung'ang'anii. Ikishaanza kuumua na kuoka, ndipo usikiguse kifuniko kabisa, joto lisitoroke.

Vikombe nilivitupa, namaanisha kwa kupimia. Kikombe kile kile, ukikichota kwa kushindilia na ukikijaza kwa kijiko, unga hupishana gramu 20 hadi 30, na kwa vikombe vitatu au vinne hiyo ni tofauti ya mkate na tofali. Nunua mizani. Kwa gramu 500 za unga mweupe mimi natia maji gramu 325, chumvi 9, hamira kavu ya chenga ndogo gramu 5, sukari kijiko kikubwa kimoja na mafuta kimoja. Hata hivyo unga hautabiriki, pakiti hii hunywa maji kuliko ile, ndiyo maana hata mwenye mizani anafunua.

Unga wenyewe, soma nyuma ya pakiti. Wa mkate una protini asilimia 12 au zaidi. Ule wa kawaida wa keki na biskuti una 9 au 10, gluteni yake, yaani zile nyuzi za protini zinazovutika ndani ya kinyunya, ni dhaifu, haiwezi kubeba hewa nyingi. Usiokobolewa unataka maji zaidi, na hata ukifanya kila kitu sawa mkate wake huwa mfupi, kwa sababu pumba hukatakata zile nyuzi za gluteni. Mimi nachanganya nusu kwa nusu.

Mpangilio nao una maana yake ukitegesha mashine ianze baadaye. Yangu inataka maji chini na mafuta, chumvi na sukari ndani yake, unga juu kama mfuniko, kisha hamira kwenye kishimo kidogo juu kabisa, ibaki kavu hadi saa ifike. Ziko zinazotaka hamira chini kabisa, unga uifunike, maji ya mwisho. Ni ile ile tu, hamira na maji visikutane mapema. Na usitegeshe kwa usiku mzima ukiwa umetia maziwa mabichi au mayai.

Ule mkate uliobonyea? Ulikuwa wa kipindi cha joto, nilizidisha hamira na chumvi nikaisahau. Chumvi ndiyo breki ya hamira. Huku jiko la kiangazi na jiko la kipupwe ni majiko mawili, na saa ya mashine haijui. Kukiwa na joto natia maji baridi na kupunguza hamira kwa robo. Kwenye baridi, maji ya vuguvugu. Ya moto kamwe, kufika nyuzi 60 hamira imeshakufa.

Chungulia ndani ya sufuria yako, huenda ukaona mbavu ukutani. Miaka ya 1980 huko Osaka, Japani, kampuni ya vifaa vya umeme ya Matsushita ilikuwa inahangaika na mashine yake ya mkate isiyokanda vizuri. Mfanyakazi wake Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mjini humo, akagundua kuwa yule mzee hakuwa akivuta kinyunya tu, alikuwa anakisokota. Wahandisi wakatia mbavu za kukizuia kidogo kinapozungushwa. Nikimsimulia mama habari hiyo alicheka: kumbe hata wao walilazimika kwenda kutazama mikono ya mtu.

Mkate wangu wa kwanza mzuri nilimwonyesha siku ile ile. Niliutoa mara tu kengele ilipolia, maana ukiuacha ndani mvuke unaulowesha ganda, nikachomoa lile bapa la kukandia lililokwama chini yake. Ulitakiwa ukae juu ya wavu wa waya upoe saa nzima. Sikuweza. Nikachukua kisu hapo hapo mbele ya kamera, kisu kikaburuta, ndani kukajikunja kuwa ubwabwa.

"We mtoto," mama akasema, "nani alikufundisha kukata mkate wa moto?"