Riwaya za kusaka hazina: mi nataka siri ambayo ilikuwepo kweli

Kuna watu wakishika riwaya ya kusaka hazina wanatafuta risasi na magari yanayofukuzana, mi nataka fumbo. Nipe kaburi lililopotea, nipe maandishi ambayo wataalamu wenyewe yamewashinda, alafu hao wenye bunduki watakuja baadaye wakipenda. Nimesoma nyingi sana za aina hii na nikikaa nikifikiria ni zipi zilininyima usingizi mpaka alfajiri naona zote zina kitu kimoja, mwandishi siri hakuitunga, aliikuta. Alitafuta pale historia yenyewe ilipokatika, pale kumbukumbu zinaposema hapa palikuwa na kitu alafu kimya, akapenya hapohapo.

Chukua kaburi la Alexander Mkuu. Alikufa Babeli mwaka 323 KK, mwili ukapakiwa kwenye gari la maziko, njiani jenerali wake Ptolemaio akauteka akaupeleka Misri, kwanza Memfisi, baadaye ukahamishiwa Aleksandria. Yaani maiti ya mfalme imeporwa kabla hata mwandishi hajashika kalamu! Na haiishii hapo, mmoja wa wafalme wa ukoo huohuo akaja akachukua jeneza la dhahabu, mwili ukalazwa kwenye la kioo, alafu mwaka 30 KK Augusto, yule aliyekuja kuwa kaisari wa kwanza wa Roma, akaingia mjini akaenda kuutazama, na mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba alipougusa kipande cha pua kilivunjika. Mwaka 215 BK kaisari Caracalla naye akafika hapo kaburini. Lakini mwisho wa karne ya 4 mhubiri Yohana Krisostomo anawauliza watu, haya nionyesheni kaburi la Alexander liko wapi, akijua fika hakuna wa kumjibu. Katikati ya hapo kuna tetemeko la mwaka 365 lililosukuma bahari mpaka ndani ya mji, kuna fujo za dini, kuna majengo juu ya majengo. Sasa mwandishi ukipewa pengo kama hilo unahitaji kutunga nini tena? Weka tu mtu mwenye sababu ya kulitafuta na mwingine mwenye sababu ya kumzuia, basi.

Ila ninaloling'ang'ania kuliko yote ni lile Gombo la Shaba. Lilipatikana mwaka 1952 kwenye pango karibu na Qumran, upande wa Bahari ya Chumvi, na tofauti na magombo mengine ya huko ambayo ni ya ngozi na mafunjo, hili limeandikwa kwa kugongwa kwenye bati la shaba. Lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba huwezi kulikunjua, ukilazimisha linakuwa unga, ikabidi lipelekwe Manchester likakatwe kwa msumeno mdogo vipande vipande. Kuja kusoma, hakuna sala humo, hakuna zaburi, ni orodha! Mahali zaidi ya 60, na kila mahali hazina gani imefukiwa. Ya kwanza kabisa inakwambia nenda kwenye magofu ya bonde la Akori, chini ya ngazi zinazoelekea mashariki, dhiraa 40, kuna sanduku la fedha. Imeandikwa kikavu namna hiyohiyo, kama karani wa stoo anayehesabu mali, na ukavu huo ndo unaonisisimua, maana mtu anayekudanganya kwa kawaida anaremba maneno. Alafu kuna herufi za Kigiriki zimechomekwa hapa na pale katikati ya Kiebrania. Na mstari wa mwisho, wa mwisho kabisa, unasema kuna nakala nyingine ya hati hii yenye maelezo na vipimo, imefichwa kwenye shimo upande wa kaskazini. Nilivyosoma hapo mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti. Wapo wanaosema ni mali ya Hekalu la Yerusalemu iliyofichwa kabla Warumi hawajalichoma mwaka 70, wapo wanaosema ni hadithi tupu, na mtaalamu mmoja, John Allegro, alienda mpaka kuchimba, hakupata kitu. Riwaya inayoshika hilo gombo kwa heshima inanipata mpaka senti ya mwisho.

Kinachonichosha ni upande wa pili, zile zinazoanza na chama cha siri chenye umri wa miaka 3000, kina watu kila serikali, kina pesa zisizoisha, alafu kikitumwa kuua mtu mmoja mwalimu wa chuo kinashindwa kurasa 400. Hapo siri imetungwa na unaisikia imetungwa. Na mitego! Mlango wa jiwe umekaa chini ya ardhi tangu enzi za mafarao, kamba zimeoza, mbao zimeliwa, lakini ukikanyaga kigae tu mishale inaruka kama imefungwa jana. Ningependa mwandishi hata mara moja aniambie mtego umeoza, hatari ni hewa mbaya na dari linalomeguka, mbona hiyo inatisha zaidi.

Kikubwa zaidi kinachoniuma ni ile tabia ya kuangusha pango zima mwishoni. Shujaa anatoka na kitu kimoja mkononi, nyuma yake kumbi zote na michoro yote chini, na sisi tunategemewa tushangilie. Historia ina watu wa hivo wa kweli. Mjerumani Heinrich Schliemann akiitafuta Troya, ule mji wa vita vya hadithi za Wagiriki, kule Hisarlik nchini Uturuki alikata mtaro mkubwa katikati ya kilima akapita tabaka baada ya tabaka, mwaka 1873 akatoa dhahabu akasema ni ya mfalme Priamo, kumbe ile dhahabu ni ya zaidi ya miaka elfu kabla ya vita vya Troya vyenyewe, na vingi alivyovitoboa njiani ni vya nyakati alizokuwa akizitafuta. Angalia upande mwingine Wachina, wakulima walichimba kisima mwaka 1974 wakakutana na askari wa udongo, lakini kaburi lenyewe la mfalme Qin Shi Huang mpaka leo halijafunguliwa. Mwanahistoria wao wa kale, Sima Qian, aliandika kwamba ndani kuna mito ya zebaki, na udongo wa pale ulipopimwa ulikutwa una zebaki nyingi isiyo ya kawaida. Wanajua pa kuchimba na wamejizuia, uvumilivu huo kwangu una msisimko kuliko mlipuko wowote.

Na ninachokisubiri sana ni riwaya nzito ya Meroe, mji wa kale wa ufalme wa Kushi kule Sudani. Kila kitu kipo tayari. Mwaka 1834 Mwitaliano Giuseppe Ferlini, daktari, alibomoa piramidi za watu akitafuta dhahabu, na ya malkia Amanishakheto akaipata, leo iko Berlin na Munich. Mwaka 1910 kikachimbuliwa kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto, huyohuyo wa pua ya Alexander, Wakushi walikuwa wamekiteka kwa Warumi wakakifukia chini ya ngazi za hekalu ili kila anayepita amkanyage kaisari kichwani. Na maandishi yao ndo usiseme, mtaalamu Mwingereza Griffith alishazijua herufi zinavyotamkwa tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa hiyo unaweza ukasimama mbele ya jiwe ukalisoma kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini sehemu kubwa ya lugha yenyewe bado haieleweki. Mwandishi atakayeanzia kwenye jiwe hilo, akamweka mtu wa hapohapo Sudani kuwa shujaa na sio mgeni aliyeshuka na helikopta, kitabu chake nakinunua siku kinatoka.