Miaka 52 na fundo la mtoto

Sikujua kufunga viatu, na habari hiyo nimeipata Disemba hii, kwenye baraza ya mjomba wangu Ngamiani, siku ya pili tangu nitue Tanga kutoka Edmonton, Kanada.

Mabuti yenyewe ni ya kazini, yale yenye chuma mbele. Nilisafiri nayo miguuni, maana ukiyatia kwenye begi yanakula kilo za zawadi za watu. Nikainama mlangoni niyavue, kumbe kamba ya kulia imeshafunguka siku nyingi, ncha inaburura vumbini. Mjomba kavua samaki pale Deep Sea tangu sijazaliwa na sijapata kumwona na kiatu cha kamba. Akanitazama mpaka nikaona haya.

"Mjomba, fundo hilo kakufundisha nani?"

Tunaitana hivyo sote wawili. Nikamwambia ni dada, nilipoanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo nilivaa ndara, na ndara haina fundo.

"Ungefunga hivyo chomboni, tungeshakuzika."

Akaokota kipande cha kamba ya katani. Kulia juu ya kushoto, akakaza. Kisha tena kulia juu ya kushoto. Fundo likakaa mshazari, na alipolitikisa likaanza kuteleza. Akalifumua, akarudia, ila mara ya pili akapitisha kushoto juu ya kulia. Likalala bapa, kila ncha imejilaza ubavuni mwa kamba yake. Akanipa nivute. Nilivyovuta ndivyo lilivyobana.

Kwenye kiatu ni yaleyale, ila hatua ya pili inafungwa kwa vitanzi. Inama utazame vyako. Vikilala kukingama kiatu, kimoja kushoto kimoja kulia, uko salama. Vikielekea kimoja vidoleni na kingine kwenye kifundo cha mguu, una ugonjwa wangu. Vitanzi usiviguse, fanya ulivyozoea. Geuza ile hatua ya kwanza tu: kamba iliyokuwa ikipita juu, ipite chini.

Miaka yote hii nimelaumu kamba. Ni za naironi, za mviringo, zinateleza, wakati katani ina singa ngumu zinazong'ang'aniana (hapo sikukosea sana). Nikawa nafunga fundo juu ya fundo, jioni theluji imegandia humo nafungua kwa meno. Mwaka juzi nikakanyaga kamba yangu mwenyewe ghalani, katoni mikononi, nikaenda chini kifudifudi mbele ya vijana wanaoniita mzee.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilichunguza jambo hili mwaka 2017. Mguu ukitua, kiatu kinapigwa kwa nguvu kama mara 7 ya mvuto wa dunia na fundo linalegea. Mguu ukirushwa, ncha nazo zinachapa hewani na kuvuta. Vikikutana hivyo viwili, hatua chache tu kazi imekwisha. Fundo kama langu ndilo lililofunguka upesi zaidi. Mjomba nilipomsimulia aliuliza kama walilipwa kwa hilo.

Na mimi ni mtoto wa Tanga, jamani! Mkonge, mmea wa katani, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mji mzima ukaja kuishi kwa kamba. Babu yangu alizeekea kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, akichambua singa.

Kichwa kilielewa kwa dakika moja. Vidole vikakataa. Sasa ni Januari, alfajiri, nje baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, basi halingoji mtu, nami nimekaa kwenye ngazi natamka kwa sauti, "kushoto juu, kushoto juu," kama mtoto wa chuoni anayekariri alifu. Nikiwaza jambo jingine tu, mkono unarudi kwa dada.

Jana nilimpigia picha mjomba, mabuti yote mawili, nikaituma kwa simu ya binamu. Sauti yake ikaja baada ya Isha, nyuma yake wanacheza bao.

"Wa kulia sawa. Wa kushoto fumua."