Nilivyopima mafunzo ya wahudumu wa wazee hapa Melbourne

Mratibu wetu alinikabidhi bahasha akaniambia, "Tathmini iko humu dada, wewe andika tu ripoti." Ndani mlikuwa na fomu 23, zilizojazwa dakika tano za mwisho za mafunzo ya kuwahudumia majumbani wazee wa lugha, imani na asili mbalimbali. Karibu zote zilisema "nimeridhika sana". Yangu pia ilikuwemo.

Sikuweza kuandika. Aliyeridhika ni mhudumu. Mzee hakuulizwa kitu. Tume ya Kifalme iliyochunguza huduma za wazee ilipotoa ripoti yake 2021 ilitaka wahudumu wote wa wazee Australia wapewe mafunzo haya, na ilitaka hivyo kwa ajili ya wazee. Tangu 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza ngazi nne za kupima mafunzo: walivyoyapokea, walichojifunza, wanavyofanya kazini, na matokeo yake. Bahasha yangu iliishia ngazi ya kwanza.

Nikaomba ruhusa ya kusoma kumbukumbu za zamu, miezi mitatu kabla ya mafunzo na mitatu baada yake. Kuna bibi mmoja Mgiriki, alihamia hapa miaka ya 1950 kama Wagiriki wengi wa mji huu. Kumbukumbu zake zilijaa maneno mawili: "Amekataa chakula." Nikaweka kalenda pembeni. Jumatano, Ijumaa, Jumatano, Ijumaa. Bibi wa watu alikuwa anafunga! Wakristo Waorthodoksi kama yeye hawali nyama, mayai wala maziwa siku hizo, na sisi tunampashia supu ya kuku. Kwenye mpango wake wa huduma, penye dini paliandikwa "Mkristo", basi.

Wiki ya sita baada ya mafunzo, mhudumu mmoja akaandika: "Ijumaa. Nimemuuliza, leo hali kuku. Nimempikia dengu, amemaliza bakuli." Kwangu mstari huo ulikuwa na uzito kuliko zile fomu zote 23.

Kisha nikataka kuwasikia wazee wenyewe. Mwanzo nilikosea kuwategemea watoto wao watafsiri. Binti anasema "mama yuko sawa tu" kabla mama hajafungua mdomo. Nikaanza kupiga 131 450, huduma ya wakalimani ya serikali. Mama yule yule akazungumza dakika 20 bila kupumzika, na jambo lililomuumiza zaidi ni wahudumu kuingia na viatu hadi chumbani.

Wahudumu nao niliwasikiliza, mmoja mmoja, nje ya ofisi. Wengi ni wahamiaji kama mimi, na baadhi wametukanwa rangi yao na wazee wanaowaogesha. Fomu haikuwa na swali hata moja kuhusu hilo. Mwingine akaniambia, "Najua cha kuuliza, dada, ila nimepewa nusu saa: nimwogeshe, nimpe dawa, nitandike kitanda. Nimuulize saa ngapi?"

Hilo ndilo nililoweka mwanzo kabisa wa ripoti. Mafunzo yanafaa, ratiba inayaua. Niliomba mambo matatu: mpango wa huduma uulize siku za mfungo na desturi za nyumbani, wahudumu wawe na pa kupeleka matusi wanayopata, na ziara ya kwanza iongezwe dakika 15.

Mawili yamekubaliwa. Dakika 15 bado. Nimeziomba tena wiki iliyopita, na safari hii nimeambatanisha zile Jumatano na Ijumaa zote.